Sura ya Tisa: Kompyuta Inapokataa Kuamka

Mji wa Gisenyi, ambao katika mpango wa utawala wa leo umo ndani ya Wilaya ya Rubavu, umelala ufukoni mwa Ziwa Kivu upande wa kaskazini, ukiwa umepakana na Goma ya Kongo ukuta kwa ukuta, hata mtu asiyeijua mipaka ya dola angedhani kuwa yote miwili ni mji mmoja. Kwa sababu ya ujirani huo na biashara iendayo nao, Kiswahili kilikuwa lugha ya soko hapa zamani sana kabla ya Bunge la Rwanda kukipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Na kwa sababu hiyo hiyo ya biashara, si ajabu leo kuikuta kompyuta katika nyumba ya mwalimu, ya mwenye duka la vitenge, au ya mama auzaye samaki wa sambaza kwa jumla na kuweka hesabu zake kwa tarakimu safi.

Aghalabu mashine hiyo ni mtumba. Imetumika miaka kadhaa katika ofisi ya Ulaya, au imepitia Dubai, na sasa imefika hapa ikiwa na kibodi ya Kifaransa, betri iliyochoka, na nguvu zisizotosha kuubeba mfumo mpya wa Windows. Ndiyo maana mwenyewe, au kijana wake asomaye chuo, ameiwekea Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliutangazia ulimwengu kutoka Helsinki mwaka 1991, ambao hauna ada, haudai leseni ya kulipiwa, na huridhika na mashine ambayo wengine wameshaikatia tamaa. Watoto wengi wa Rwanda wameutumia mfumo huu bila ya kulijua jina lake, kwa kuwa kompyuta ndogo za XO za mradi wa One Laptop per Child, ambazo zaidi ya 200,000 ziligawiwa katika shule za msingi za nchi hii tangu 2008, ziliendeshwa na Linux.

Sura hii yahusu saa ile ambayo kila mwenye mashine ya namna hii hufikwa nayo, ambapo hubonyeza kitufe kama alivyozoea, na badala ya picha aijuayo hukabiliwa na kioo cheusi chenye mistari michache ya Kiingereza, au kioo kisicho na neno lolote. Jambo moja ndilo tunalotaka msomaji aondoke nalo, nalo ni hili: kompyuta isiyoamka mara nyingi haikufa, na mali iliyomo ndani yake, yaani barua, hesabu za duka, picha za arusi na insha za shule, aghalabu i salama salimini; kinachoiangamiza mali hiyo si hitilafu yenyewe, bali ni pupa ya mwenyewe, au ya fundi aliyeitwa kwa haraka, ya kuifuta diski na kuweka mfumo upya kabla ya kuyasoma maneno yaliyoandikwa kiooni.

Adui za mashine katika nchi ya ziwa

Kabla ya kuyatazama maradhi yafaa kuzitazama sababu zake, kwani kila nchi ina njia zake za kuitesa mashine. Sababu ya kwanza hapa, na iliyo kubwa kuliko zote, ni umeme. Ziwa Kivu limeficha chini ya maji yake akiba kubwa ya gesi ya methani, ambayo tangu miaka ya 1960 ilivunwa kwa kiasi kidogo huko Rubona kwa ajili ya kiwanda cha bia cha Gisenyi, na ambayo leo huzalisha megawati 26 katika kituo cha KivuWatt kule Karongi, kilichozinduliwa 2016. Walakini wingi wa nishati ziwani hauuzuii waya wa mtaani kukatika mvua inyeshapo, wala hauizuii mita ya kulipia kabla kuishiwa na uniti usiku wa manane. Kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha akiba ya umeme huzimika papo hapo, na kompyuta ya mapajani ambayo betri yake imekufa, kama ilivyo mitumba mingi, huzimika nayo sawasawa.

Madhara ya kuzimika huko yatokana na hekima ambayo katika siku za kawaida ni neema. Linux, ili iende kwa kasi, haiandiki diskini kila kitu mara kinapotolewa, bali hukiweka kwanza katika kumbukumbu kwa sekunde kadhaa, pengine hata 30, ndipo hukishusha kwa pamoja na vingine. Umeme ukikatika katika kipindi hicho, kilichokuwa njiani hupotea, na kilichokuwa kikiandikwa hubaki nusu. Mfumo wa mafaili uitwao ext4, ambao umekuwa imara katika Linux tangu 2008, hutunza daftari la miamala yake, ili baada ya ajali ujue lipi lilitimia na lipi halikutimia. Na kwa fadhila ya daftari hilo ajali nyingi hupona zenyewe bila ya mwenye mashine kuhisi lolote, ila si zote.

Sababu nyingine zaja kwa nadra, lakini zijapo huja kwa kishindo. Uchunguzi wa setilaiti uliochapishwa 2016 uliliweka eneo moja la mashariki ya Kongo, ng'ambo ya milima ya magharibi, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Na mpigo mmoja upitao katika waya wa umeme au wa intaneti waweza kuunguza chaja, ubao na diski kwa pamoja. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata kwa siku kadhaa yalizipasua nyumba na barabara za Rubavu, nayo diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka, ambayo kichwa chake husoma kikiwa juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa chembe ya vumbi, haistahimili kuanguka kutoka mezani hali inafanya kazi. Na usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 mto Sebeya wa Rubavu ulifurika, katika mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 120 katika mikoa ya magharibi na kaskazini. Mashine iliyoingiwa na maji na tope isiwashwe asilani, hata kwa kujaribu tu, mpaka ifunguliwe, isafishwe na kukauka kabisa, kwa sababu maji peke yake huharibu kidogo, bali maji pamoja na umeme huharibu yote.

Mikono mitano

Asimamaye asubuhi karibu na Petite Barrière, mpaka mdogo ambao wachuuzi na wapagazi huuvuka kwa maelfu, huona namna mzigo mmoja wa vitunguu unavyotoka kwa mkulima, ukapokewa na mpagazi, ukakabidhiwa mwenye baiskeli, ukafika kwa dalali na mwisho kwa mnunuzi wa Goma; na mzigo ukipotea, mwenye mali haanzi kumlaumu mnunuzi, bali huuliza ni nani aliyeushika mwisho. Kuamka kwa kompyuta kuna mwendo huo huo. Amana ya uendeshaji hupita mikononi mwa watano, kila mmoja akiijua kazi yake tu na anwani ya yule amfuataye, na ustadi wote wa kutafuta hitilafu ni kulijibu swali lile moja: nani aliyeshika mwisho?

Wa kwanza ni programu iliyomo katika ubao wenyewe, ambayo katika mashine za zamani huitwa BIOS na katika zile za miaka ya karibuni UEFI. Kazi yake ni kuvipima viungo, yaani kumbukumbu, kibodi na diski, kisha kumtafuta wa pili. Wa pili ni GRUB, programu ndogo iliyomo diskini, ambayo katika mpango wa zamani huanzia katika sehemu ya kwanza kabisa ya diski, mahali penye baiti 446 tu za kuandikia programu, idadi ambayo ni chache kuliko herufi za aya hii. Ndiyo maana GRUB hulazimika kuanza kwa hatua mbili, kipande kidogo kikikiita kikubwa. Wa tatu ni kiini cha mfumo, yaani Linux yenyewe kwa maana halisi, ambacho mafundi hukiita kerneli, kikisindikizwa na mfuko wa zana uitwao initramfs ambao hukisaidia kuifungua diski. Wa nne ni systemd, msimamizi anayewaamsha watumishi wengine wote: sauti, mtandao, saa, printa. Wa tano ni programu ya kioo, ile impokeayo mtu kwa jina lake na neno lake la siri.

Kila mmoja kati ya hawa watano akishindwa husema kwa namna yake, na anayezijua namna hizo hahitaji kubahatisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wake wa Kilinux, kilikwisha kuitafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini kompyuta ambayo haijaamka vyema husema Kiingereza, na kwa hiyo msomaji hana budi kuyazoea maneno machache, kama vile mgeni azoeavyo maneno machache ya forodha. Jambo la kwanza kabisa, kabla ya kugusa chochote, ni kukipiga picha kioo kwa simu, kwa kuwa maneno hayo hupita upesi, na akili yenye fadhaa haiyahifadhi.

Ubao na betri yake ndogo

Mashine isipoonyesha taa wala kuvuma feni, hapo hata mkono wa kwanza haujapokea kitu, na Linux haina hatia. Jaribu chaja nyingine yenye kipimo kile kile, jaribu soketi nyingine, kisha iondoe chaja na betri, ukibonyeze kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki utoke, halafu urudishe chaja peke yake. Feni ikivuma na kioo kikabaki cheusi, au ukasikia milio ya kukatika-katika, shuku kumbukumbu: zichomoe zile kadi zake, uzifute migusio kwa kitambaa kikavu au kifutio safi cha penseli, uzirudishe moja baada ya nyingine, na mara nyingi utaona maajabu.

Ikiwa ubao umeamka lakini ukaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna kifaa cha kuanzia, maneno ambayo kwa kawaida husomeka “No bootable device”, basi wa kwanza amemtafuta wa pili asimwone. Hapa ndipo panapojitokeza sababu ambayo wengi hawaidhanii, nayo ni betri ndogo ya saa, ile ya mviringo iitwayo CR2032, yenye volti 3 na upana wa milimita 20, ambayo hukaa juu ya ubao na kuzihifadhi tarehe na mapendeleo wakati mashine imezimwa. Katika mashine nyingi za mtumba betri hii imezeeka kama mashine yenyewe. Ikifa, kila umeme ukatikapo ubao husahau mapendeleo yake na kurudia yale ya kiwandani. Na mfumo uliowekwa kwa kanuni ya zamani ya BIOS haupatikani tena na ubao uliorudia kanuni ya UEFI, ijapokuwa diski i nzima na kila faili liko mahali pake. Dalili yake ni saa: ingia katika mapendeleo ya ubao, kwa kawaida kwa F2, F10 au Delete, utazame tarehe. Ukiona mwaka wa zamani, umeshampata mhalifu. Nunua betri mpya, weka tarehe, rejesha kanuni ya zamani na utangulize diski katika mpangilio wa kuanzia. Na hata mashine ambayo huamka licha ya betri hiyo kufa hudhurika kwa njia nyingine, kwa kuwa tarehe isiyo ya kweli huzifanya tovuti za salama zikatae kufunguka na maghala ya programu yakatae kutoa masasisho.

Tarehe ikiwa sahihi na mapendeleo yakawa mema, lakini diski yenyewe haionekani katika orodha ya ubao, kichomoe na kukirudisha kiungo chake, kwa sababu msukosuko wa safari au wa tetemeko hulegeza mambo. Isipoonekana tena, nenda moja kwa moja katika sehemu ya mwisho ya sura hii.

GRUB, na kibodi isemayo lugha nyingine

Mkono wa pili ukishindwa husema waziwazi, kwa kuwa huandika “grub rescue>” na kungoja amri. Maana yake ni kwamba kile kipande kidogo kimeamka, lakini hakikikuti kipande kikubwa mahali kilipoambiwa kipo. Na mara nyingi sababu ni mkono wa binadamu, ambaye akiwa ndani ya Windows iliyomo katika diski ile ile amefuta au kupanua sehemu ya diski asiyoijua, na hesabu za sehemu zikabadilika. Hakuna kilichopotea hapa ila anwani. Amri ya ls huzitaja sehemu zote za diski; ukiziuliza moja moja kwa ls (hd0,msdos1)/ na zile zinazofuata, utaiona ile yenye saraka ya boot; kisha utaiandika anwani kwa set prefix=(hd0,msdos2)/boot/grub, ikiwa ni hiyo ya pili, na kwa set root=(hd0,msdos2), halafu insmod normal, halafu normal, na menyu uijuayo itatokea. Mfumo ukishaamka, sudo grub-install /dev/sda na sudo update-grub hulithibitisha jambo hilo lidumu, katika mashine zenye kanuni ya BIOS.

Lakini mtu wa Gisenyi aandikapo amri hizo hukutwa na tatizo ambalo vitabu vilivyoandikwa Marekani havilitaji. Kibodi yake ni ya Kifaransa, ile ianzayo kwa A, Z, E, R, T, Y. Ilhali GRUB, ambayo bado haijayasoma mapendeleo ya mfumo, huamini kwamba kibodi zote za dunia ni za Kimarekani. Basi akibonyeza A hupata q, akibonyeza Q hupata a, Z humpa w, na herufi m hupatikana katika kitufe chenye alama ya mkato, na mkato wenyewe katika kitufe cha nukta-mkato. Tarakimu huandikwa bila ya Shift; mabano huandikwa kwa Shift pamoja na vitufe vya 9 na 0; na mkwaju, katika kibodi ya Ufaransa, hukaa penye alama ya mshangao. Ndiyo kusema kwamba kuandika normal, mtu hubonyeza N, O, R, mkato, Q, L. Wangapi wameandika amri sahihi kwa vidole, zikatokea kiooni zikiwa upuuzi, wakahukumu kwamba mashine imeharibika! Tazama kioo, usitazame vitufe.

Kiini kinapokwama

Mkono wa tatu ndio unaobeba matokeo ya umeme kukatika, na kwa hiyo ndio tutakaouzungumzia kwa kirefu zaidi. Hali ya kwanza ni ile ambapo kioo huandika “(initramfs)” na kungoja, baada ya kusema kwamba mfumo wa mafaili katika sehemu fulani, tuseme /dev/sda2, wahitaji kukaguliwa kwa mkono. Hapa lile daftari la ext4 halikutosha, na ukaguzi wa kujiendesha umekuta mkanganyiko ambao hauthubutu kuuamua peke yake, nao unaomba idhini. Tazama kwanza kama juu ya maneno hayo pana mistari yenye “I/O error”. Ikiwa ipo, simama, kwa kuwa ugonjwa ni wa diski yenyewe, na ukaguzi waweza kuuzidisha. Ikiwa haipo, andika fsck -y /dev/sda2, ukilitaja jina lile lile lililotajwa na mashine na si jina ulilolisoma hapa, uiache imalize, kisha uandike exit au reboot. Mara nyingi kabisa mashine huamka kana kwamba hakukuwa na jambo, na kama kuna vipande vya mafaili visivyo na wenyewe, utavikuta vimewekwa katika saraka ya lost+found.

Hali ya pili hufanana nayo kwa sura lakini si kwa sababu: kioo hueleza kwamba UUID fulani, yaani nambari ndefu ya utambulisho wa sehemu ya diski, haipo. Hapa kiini hakilalamiki kwamba mafaili yamevurugika, bali kwamba diski nzima hakikuiona. Na kwa hiyo fsck haina kazi. Rudi kwenye viungo vya diski, au kumbuka kama kuna mtu aliyeumba upya sehemu ya diski na kuipa utambulisho mwingine.

Hali ya tatu ni ile iogopwayo kuliko zote kwa sababu ya jina lake, “Kernel panic”. Ikifuatwa na maneno yasemayo kwamba kiini kimeshindwa kuipachika diski ya msingi, na ikiwa ilitokea baada ya sasisho, basi aghalabu kilichotokea ni kwamba umeme ulikatika, au nafasi ya /boot ilijaa, wakati kiini kipya kilipokuwa kikiwekwa, na ule mfuko wake wa zana haukutengenezwa ukamilike. Dawa ni nyepesi kuliko ugonjwa ulivyo wa kutisha. Washa mashine ukishikilia Shift, au ukibonyeza Esc katika zile zenye UEFI, mpaka menyu ya GRUB itokee. Chagua “Advanced options”, kisha uchague kiini cha zamani kilichoorodheshwa chini ya kipya. Matoleo ya Linux kama Ubuntu na jamaa zake hayakitupi kiini cha jana mara kile cha leo kiwekwapo, na busara hiyo imewaokoa wengi. Ukishaingia, andika sudo dpkg --configure -a kuikamilisha kazi iliyokatizwa, uondoe viini vikuukuu kwa sudo apt autoremove ikiwa nafasi imejaa, kisha sudo update-initramfs -u -k all, na kiini kipya kitapata zana zake.

Msimamizi na kioo

Mkono wa nne ukishindwa, mashine husema kwamba ipo katika hali ya dharura, na kabla ya hapo huenda ikamngoja mtu asiyekuja kwa dakika moja na nusu, huku ikihesabu sekunde kiooni. Sababu ya mara kwa mara ni faili la /etc/fstab, ambalo ni orodha ya diski zote ambazo mashine imeamriwa kuzifungua wakati wa kuamka. Mtu aliwahi kuiongeza diski ya nje katika orodha hiyo, kisha akaiazima kwa rafiki yake wa Goma, na tangu siku hiyo mashine husimama mlangoni ikimngoja aliyesafiri. Ingia kwa neno la siri la mwenye mamlaka yote ya mashine (root), au kwa Enter pale inapoelekezwa hivyo, usome journalctl -xb uone ni nani anayelaumiwa, kisha ulifungue faili hilo kwa nano, programu ya kuhariri maandishi, ukaongeze nofail katika mstari wa diski hiyo, au uutangulizie mstari alama ya # ili upuuzwe. Likikataa kuhifadhiwa, mount -o remount,rw / hulifungulia njia.

Mkono wa tano hushindwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kioo cheusi kinachofuata baada ya kila kitu kuonekana kwenda sawa, ambacho mara nyingi ni ugomvi kati ya kiini na kadi ya picha: katika menyu ya GRUB bonyeza e, uutafute mstari uanzao kwa neno linux, uongeze nomodeset mwishoni mwake, kisha Ctrl pamoja na X, na kumbuka kwamba katika kibodi ile ile ya Kifaransa m ingali katika kitufe cha mkato. Ya pili ni kule kukubaliwa neno la siri kisha kurudishwa mlangoni, mara baada ya mara. Hapo shuku diski iliyojaa. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 upate kioo cha maandishi, uingie, uandike df -h. Ukiona asilimia 100, sudo apt clean itakupa nafasi ya kupumulia, na vilivyobaki utavifuta kwa hiari yako, ukianza na filamu.

Diski inayokufa, na adabu ya nakala

Tumeiacha kwa mwisho ile hali ambayo subira peke yake haitoshi. Diski inayogonga kwa mlio wa mara kwa mara, inayoandika “I/O error” kila isomwapo, au inayoonekana leo na kesho isionekane, inakufa, na kila dakika ya kuizungusha huupunguza umri wake. Dalili ya mvua ni mawingu. Hapa usikague, usitengeneze, usisasishe. Wajibu mmoja tu ndio uliobaki, nao ni kuitoa mali iliyomo. Kwa ajili hiyo kila nyumba yenye Linux iwe na flashi ya kuanzia, yaani ile iliyoandikiwa mfumo mzima unaoweza kuamka bila ya kuigusa diski, na ambayo huandaliwa kwa mashine yoyote nzima, kwa flashi ya gigabaiti 8 tu. Mashine ikiamshwa kwa flashi hiyo, diski huonekana kama mgeni, na mafaili hunakiliwa kwenda diski ya nje. Na ikiwa kunakili kwa kawaida kunakwama, programu ya ddrescue hutwaa kwanza kilicho kizima, na kuviacha vilivyoharibika kwa mwisho, utaratibu ambao ndio hasa unaofaa.

Flashi hiyo hiyo ndiyo hakimu wa mwisho katika mashaka yote tuliyoyataja: ikiwa mashine yaamka kwayo vyema, basi viungo vingine ni vizima na kosa lipo katika diski au katika mfumo uliomo ndani yake, na ikiwa haiamki hata kwayo, kosa lipo katika viungo, na hakuna kuweka upya mfumo kutakakosaidia. Fundi akuambiaye kwamba hana budi kufuta diski aombwe kwanza kulifanya jaribio hili mbele yako, na kukuonyesha kwamba mafaili yako yameshanakiliwa. Akikataa, chukua mashine yako uondoke.

Basi msomaji, usiungoje umeme ukatike ndipo uyakumbuke haya. Leo, hali mashine yako ingali inaamka, andaa flashi ya kuanzia na uijaribu, kagua tarehe ya ubao wako, na unakili nyaraka zako katika diski nyingine ambayo utaihifadhi mbali na hiyo. Kwa kuwa kila hitilafu iliyoelezwa katika sura hii ina dawa yake, isipokuwa ile ya kuwa na nakala moja tu.